Mlangoni pa Mwangwi

Ukumbi wa Mwangwi ulipata jina lake kwa dhihaka. Mwanzoni ulikuwa ghala la magunia, jengo refu la matofali, paa la bati, sakafu ya saruji. Aliyelinunua ni bwana mmoja tuliyemwita Bosi Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata akiwa anakagua mtaro. Yeye aliamini ukishapaka kuta rangi na kutundika taa, umeshapata ukumbi wa muziki. Bendi ya kwanza iliyopiga pale ilishuka jukwaani baada ya nyimbo nne. Ngoma ikipigwa mbele ilijibiwa nyuma. Sauti ya mwimbaji ilizunguka ukumbi mzima, ikirudi inamkuta yuko ubeti mwingine. Watu walitoka wakicheka kwamba wamekuja kusikiliza mwangwi, na jina likashika hapo hapo.

Aliyeuponya ukumbi ule ni baba yangu.

Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, banda la mabati lenye meza moja ndefu, na humo alitengeneza milango, vitanda na madawati ya shule. Bosi Tai alimwita aje kurekebisha milango miwili iliyokuwa inakwama. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, kwa hiyo nilimbebea vifaa. Baba alipoingia ukumbini hakuigusa milango. Alikwenda kila kona, akapiga makofi mara moja moja, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

Bosi Tai akacheka. "Fundi, unampigia nani makofi?"

"Nasikiliza ugonjwa wa ukumbi wako," baba akajibu. "Hilo jukwaa la saruji ndilo linalopayuka. Livunje."

"Na wewe tangu lini ukawa mtaalamu wa muziki?"

"Muziki siujui. Lakini kitanda kikilia, najua kinalia wapi. Hiki ni kitanda kikubwa tu."

Alimjengea jukwaa la mbao kwa wiki kumi na moja. Aliliinua kutoka sakafuni, na chini yake akagawa vyumba vidogo kama masanduku, vingine akavijaza mchanga mkavu na vingine akaviacha vitupu. Vipi vijazwe na vipi viachwe, alijua mwenyewe. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaongeza kopo moja la mchanga, akagonga tena. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeuchekecha mchanga ule wote. Ukuta wa nyuma baba aliufunika kwa mbao nyembamba zilizoinama huku na huku. Alipomaliza, alimwomba mpiga gitaa mmoja akae katikati apige taratibu. Tulikuwa watu watano ukumbini. Bosi Tai alilegeza tai yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena, akasema, "Fundi, umenitoa kimasomaso."

Kama shukrani, baba alimwomba anipe kazi. Nikapewa koti jeusi na mlango mkuu.

Baada ya hapo Mwangwi ukawa Mwangwi mnaousikia. Bendi zilitoka mbali kuja kupiga pale. Wanamuziki walisema ukikohoa kwenye jukwaa lile, unasikika umeimba. Jina la dhihaka likawa jina la sifa, na mimi, kijana wa karakana, nikawa mtu wa kujulikana mjini, kwa sababu hakuna aliyeingia bila kupita mbele yangu.

Sheria za mlango zilikuwa za Bosi Tai, lakini mimi nilizishika kuliko yeye. Hakuna nguo za kazi. Hakuna kandambili. Nilikuwa natazama miguu kabla ya uso. Niliwarudisha watu, na sitasema uongo, nilikuwa nasikia raha. Nyumbani nilianza kuona karaha harufu ya gundi na vanishi, vumbi la mbao lililoingia hadi kwenye chumvi, mikono ya baba iliyokuwa na mistari myeusi isiyotoka. Na kwa watu wa Mwangwi niliokuwa nasimama nao mlangoni, nilianza kusema kwamba baba yangu ni mhandisi, anafanya kazi mbali, anarudi mara chache.

Zaidi ya wote nilimwambia hivyo mtangazaji mmoja wa redio, mtu ambaye sauti yake ilijulikana kila nyumba. Alinipenda. Akifika alisimama nami kidogo kabla ya kuingia, akanitania, akanipigapiga begani mbele za watu. Kwa kijana wa miaka ishirini na minne, hiyo ilikuwa kama kuvishwa nishani.

Kisha ikaja Jumapili ile.

Bendi kubwa kuliko zote wakati huo, iliyoongozwa na mwimbaji aliyeitwa Shingo kwa jinsi mishipa ilivyomtoka akipandisha sauti, ilikuja kurekodi mbele ya watu, mchana, saa tisa. Mitambo iliingizwa tangu asubuhi. Foleni ilikunja kona. Mtangazaji alikuwa pembeni yangu na kinasa sauti begani, akiwahoji wageni mmoja mmoja wanapoingia. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa ameniuliza, "Hivi hili jukwaa nani alilitengeneza? Kila mwanamuziki analisifu."

Ningeweza kusema jina la baba yangu. Lilikuwa mdomoni. Lakini nilishasema baba ni mhandisi, tena yuko mbali, na nikaona nikivuta uzi mmoja nguo nzima itafumuka. Nikasema, "Mtaalamu kutoka ng'ambo."

Akaandika kwenye daftari lake.

Haikupita nusu saa, nikainua macho nikamwona baba kwenye foleni. Hakuwa ameniambia anakuja. Jumapili zote alikuwa akilala mchana kupumzisha mgongo, na tangu ajenge lile jukwaa hakuwahi kulisikia likiwa na bendi nzima na watu juu ya sakafu. Alikuwa amenyoa. Shati lilikuwa limepigwa pasi hadi kola imesimama. Lakini juma lile ubao ulikuwa umemwangukia mguuni, kidole gumba kilifungwa bandeji, na kiatu hakikuweza kuingia. Alivaa kandambili. Dada alikuwa amemshika kiwiko, naye amevaa gauni lake la sherehe.

Mbele yao kulikuwa na watu kama kumi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kufikiria la kufanya kabla hawajanifikia. Ningeweza kwenda kuwachukua na kuwapitisha mlango wa nyuma. Ningeweza kumwita Bosi Tai, ambaye angemkumbatia. Sikufanya lolote. Niliendelea kuchana tiketi, nikitumaini sijui nini, labda mvua.

Walipofika, baba alitabasamu. Alikuwa karibu kusema neno. Mtangazaji akatazama miguu yake, kisha akanigeukia akicheka, si kwa ubaya, kwa utani wetu wa kila siku. "Haya, bwana mlango, sheria ni sheria. Au huyu mzee unamfahamu?"

"Hapana," nikasema.

Dada alifungua mdomo. "We! Huyu si—"

Baba alimbana mkono. Nililiona lile bano, vidole vyake vikizama kwenye kitambaa cha gauni. Kisha akanitazama mimi, usoni hasa, akasema kwa adabu kama anavyosema na mteja asiyemjua:

"Samahani, bwana. Nimekosea mlango."

Aliniita bwana. Akageuka. Kwa sababu ya kidole kile alitembea akikanyaga kisigino, na watu wa foleni wakajisogeza kumpisha. Mtu aliyekuwa nyuma yake akanipa tiketi, nami nikaichana.

Nilirudi nyumbani jua likizama. Mama, ambaye hakuwa amekwenda, alikuwa ameandaa chakula. Baba alikuwa amekaa mahali pake.

"Kazi ilikuwaje?" akaniuliza.

"Nzuri."

"Watu walikuwa wengi?"

"Wengi, baba."

"Na sauti?"

"Ilikuwa safi sana."

"Vizuri," akasema, akaendelea kula.

Dada aliinuka na sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni. Mama akauliza kulikoni, baba akamwambia mwache, amechoka. Basi. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile mpaka anakufa, na mimi kila siku nilingoja alitaje. Angenitukana ningepona. Angenichapa ningeshukuru. Badala yake asubuhi iliyofuata aliniuliza kama koti langu la kazi linahitaji kifungo.

Rekodi ile ilipotoka ikazagaa kila mahali. Nyuma ya jalada lake mtangazaji aliandika kwamba jukwaa la Mwangwi ni kazi ya mtaalamu kutoka ng'ambo. Bosi Tai alisoma, akacheka, akaona ni tangazo zuri, hakusahihisha. Mtu mmoja aliileta nakala karakana. Baba alivaa miwani, akasoma polepole akifuata kwa kidole, akauliza, "Ng'ambo ipi?" Akacheka kidogo peke yake, akachukua randa. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni pa banda.

Alikufa miaka sita baadaye, kifua. Mimi nilipanda cheo. Kutoka mlangoni nikawa msimamizi, kutoka msimamizi nikawa meneja. Kila ugeni ulipokuja kuutembelea ukumbi, wanafunzi, waandishi, wanamuziki wachanga, mimi ndiye niliyewapandisha jukwaani, nikakanyaga ubao kwa kisigino wasikie unavyojibu, nikawasimulia habari za yule mtaalamu. Na kwa kuwa uongo unaosimuliwa mara nyingi unachosha, niliupamba. Nilimpa ndevu nyekundu. Nilimpa mbwa. Miaka ikaenda, na yule mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa akawa na sura kuliko baba yangu. Hata wanangu walikua wakijua hadithi ya Ndevu Nyekundu, wakijua pia kwamba babu yao alikuwa fundi wa vitanda.

Dada aliolewa, akafiwa na mumewe, akabaki akishona sare za shule nyumbani kwake. Tulikutana kwenye misiba na harusi. Alinisalimia, akaniuliza hali ya watoto, akahama kiti.

Mwangwi ulipokaribia kutimiza miaka arobaini, binti wa Bosi Tai, aliyeurithi, akataka kitabu cha historia yake. Alimpa kazi mwandishi mmoja wa redio, binti mdogo tu kwa umri, mpole, lakini anayeuliza swali kisha ananyamaza mpaka wewe mwenyewe uone vibaya. Nilimpa Ndevu Nyekundu wangu, na mbwa wake. Akarekodi, akashukuru, akaenda.

Baada ya wiki tatu alirudi ofisini kwangu asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kitabu kinaendeleaje?"

"Kimekwama kwa huyo mtaalamu wako. Nimemtafuta, simpati. Hakuna barua yake, hakuna mtu mwingine anayemkumbuka. Ila nimepata hii kwenye sanduku la Bosi Tai."

Aliweka picha mezani. Mwanamume amepiga magoti juu ya jukwaa lililojengwa nusu, randa mkononi, penseli sikioni. Nyuma yake msichana ameshika chekeche, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anacheka.

"Huyu msichana nimempata," mwandishi akasema. "Anashona sare. Nikamuuliza mwanamume huyu ni nani. Akaniambia nikakuulize wewe."

Kisha akanyamaza, kama kawaida yake.

Nilitazama ile penseli. Nilisahau kwamba aliiweka sikio la kushoto. Nikasema, "Ni baba yangu. Yeye ndiye aliyelijenga."

Yule binti alishika mdomo kwa mikono miwili. Alifurahi, jamani, alifurahi kama aliyeokota mtoto aliyepotea. Halafu akauliza swali lililobaki. "Sasa kwa nini miaka yote hii ulificha?"

Nikasema, "Bosi Tai ndiye aliyetaka hivyo. Sisi tulikuwa watu wa chini."

Bosi Tai alikuwa na miaka tisa kaburini. Maneno yale yalitoka kwa urahisi, bila hata kumeza mate.

Kitabu kilitoka. Sherehe ilifanywa Jumapili mchana, na jukwaa likapewa jina la baba, kibao cha shaba mbele, kitambaa juu yake, mimi nikaitwa nikifunue. Ukumbi mzima ulisimama. Watu walinikumbatia. Mwimbaji mmoja mzee alilia begani kwangu akisema, huyu ndiye mtoto, mtoto aliyehifadhi siri ya baba yake mpaka wakati ukafika. Niliona binti wa Bosi Tai amekaa kichwa chini, maana kitabu kilikuwa kimeandika kwamba baba yake alimdhulumu fundi jina lake. Na kwenye safu ya mbele nilimwona dada. Kila mtu alikuwa amesimama akipiga makofi, yeye amekaa, mikono mapajani, ananitazama.

Nilimfuata nje wakati anaondoka.

"Umesema ni Bosi Tai," akaniambia.

"Dada, pale mbele ya yule mwandishi sikuweza..."

"Sawa."

Akaenda zake. Ile sawa ilinisumbua siku mbili, silali, sili. Siku ya tatu nilikwenda kwake. Nilimkuta kwenye cherehani, amezungukwa na marundo ya kaptura na sketi. Hakusimamisha mashine. Nilikaa juu ya kigoda.

"Nataka nikuulize kitu," nikasema. "Siku ile, mlipotoka pale, mlienda wapi?"

Mashine ikanyamaza. Aliukata uzi kwa meno.

"Tulitembea mpaka kwenye duka la vioo. Baba akasimama. Akanusa shati lake, bega hili, na bega hili. Akaniuliza, 'Kwani nanuka gundi?'"

Niliinama nikaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Nikamwambia hapana, baba, hunuki. Akanionesha mikono. Alikuwa ameisugua kwa mafuta ya taa tangu asubuhi, kucha zimekuwa nyekundu. Akasema, 'Basi ni mguu huu tu.' Halafu akaniambia nisimwambie mama."

Aliwasha mashine tena. Nilikaa pale nikiwa na miaka karibu sitini, nikalia mpaka kamasi, na yeye akashona mshono mzima wa sketi bila kunitazama. Nilipoinuka alinisogezea kitambaa cha mabaki nijifute uso.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwandishi, redioni. Nilimwomba awashe kinasa sauti. Nikaeleza yote: mhandisi wa kubuni, ng'ambo, Ndevu Nyekundu na mbwa wake, ile hapana niliyoitamka mlangoni, ile bwana niliyojibiwa, na jinsi nilivyombebesha marehemu kosa langu. Nilipomaliza aliniuliza kwa sauti ndogo, "Unataka niandike kwa maneno yangu?"

"Hapana. Itoke kwa sauti yangu."

Kabla haijatoka nilikwenda kwa binti wa Bosi Tai, nikamwambia mwenyewe. Alinisikiliza akiwa amesimama. "Baba yangu alikuwa na makosa yake, na mimi nayajua," akasema. "Hakuhitaji uongeze la kwako." Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Aliniambia nisiimalizie, nami nikaona ni haki. Nilikabidhi funguo siku hiyo hiyo. Vijana wa mlangoni, ambao huwa hawapitishi siku bila kunitania, walinifungulia kimya.

Kipindi kilitangazwa mchana. Nilizima simu, nikakaa barazani na mke wangu, ambaye naye alikuwa anakisikia kisa hiki kwa mara ya kwanza pamoja na nchi nzima. Kilipokwisha aliingia ndani. Mwanangu mkubwa alikuja jioni, akakaa nami, akauliza, "Babu alikuwa na sauti gani?" Nikajaribu kuiiga, nikashindwa.

Kesho yake dada alinipigia.

"Nimesikiliza," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Kuna kitu hukukisema, kwa sababu hukijui. Njiani wakati tunakuja alikuwa anacheka. Mguu unamuuma, anacheka. Alikuwa ananiambia, utamwona mdogo wako na koti lake, utadhani balozi."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilisema nitamwambia mwandishi aliongeze.

"Usimwambie," dada akasema. "Hilo liache kwetu."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Aliniambia ana mashati sitini ya kumaliza kabla shule hazijafunguliwa na macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano. Nikamwambia naweza kuja kumtungia uzi. Akafikiri kidogo, akasema nije Jumanne, ila nisije mapema, Jumanne asubuhi huwa anafua.